Rangi Imekataa: Kutafuta Chanzo cha Kasoro Unapotia Kitambaa Rangi kwa Viungo vya Jikoni

Kitambaa kinapotoka kwenye sufuria kikiwa na rangi ambayo hakuna aliyeitarajia, lawama ya kwanza huangukia kiungo: maganda ya vitunguu yalikuwa machache, manjano yalikaa dukani kupita kiasi, mbegu za parachichi hazikuwa za aina inayofaa. Lawama hiyo mara nyingi si ya haki. Sehemu kubwa ya kasoro huwa imekwisha kutokea kabla kiungo hakijawekwa motoni, kwa sababu kitambaa hakikuoshwa kikatakata, hakikutiwa shabu, au hakikuwa pamba tangu kilipokunjuliwa dukani. Mwongozo huu unafuata wakati ambao dalili hujitokeza, yaani ndani ya sufuria, kwenye maji ya kusuuza, kwenye kamba ya kuanikia na baada ya miezi ya kuvaliwa, kwa kuwa wakati huo ndio unaoonyesha ni hatua gani ikaguliwe kwanza.

Utaratibu wa kulinganishia

Huwezi kujua ni hatua ipi iliyorukwa bila kuwa na utaratibu kamili wa kulinganisha nao. Kwa pamba, anza kwa kupima kitambaa kikiwa kikavu, maana vipimo vingine vyote hutokana na uzito huo. Asiye na mizani anaweza kumwomba muuza mboga ampimie. Kichemshe kwa saa moja au zaidi katika maji mengi yenye sabuni kidogo na kijiko kikubwa cha magadi, kisha kisuuze. Magadi yanayouzwa sokoni kwa ajili ya kulainisha maharagwe na mboga, yale yanayotoka Ziwa Magadi huko Kajiado, ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, na yanafaa kabisa kwa kazi hii, mradi yayeyushwe kando kwanza na kuchujwa ili mchanga wake usiingie kwenye nyuzi. Usiyachemshe katika sufuria ya alumini, kwa maana magadi huila alumini na kuacha weusi unaoweza kuhamia kwenye kitambaa. Sufuria ya chuma kisichoshika kutu, au ya enameli isiyobanduka, ndiyo inayofaa.

Baada ya kuosha, loweka kitambaa usiku kucha katika maji yenye tanini, yaani kile kikali cha mimea kinachokausha mdomo, kwa mfano maji yaliyochemshiwa maganda ya komamanga au majani ya chai, kisha usiku unaofuata kiloweke katika maji ya vuguvugu yenye shabu iliyoyeyushwa, gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa. Shabu ni ile chumvi ya alumini inayong'aa kama barafu, ambayo vinyozi huipitisha kwenye ngozi iliyokwisha kunyolewa na ambayo baadhi ya kaya huitumia kutuliza tope la maji ya mto. Hatimaye, chemsha kiungo cha rangi peke yake kwa saa moja, kichuje, rudisha maji motoni, tia kitambaa kikiwa kimelowa, kiache juu ya moto mdogo kwa saa nyingine, na ukiache humo humo hadi kipoe.

Yapo maelekezo yanayosema maji yafikishwe nyuzijoto 100 za Selsiasi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka yakiwa na takriban nyuzijoto 94, hata moto ukiwa mkali kiasi gani. Kuongeza gesi au makaa hakutabadilisha jambo hilo. Kinachosaidia ni kuongeza muda, hasa wakati wa kuosha kitambaa kwa magadi.

Kitambaa kimetoka cheupe, au kimeshika rangi hafifu mno

Dalili hii huonekana ukiwa bado umeshika mwiko. Kabla ya kuongeza maganda, tazama maji yaliyobaki kwenye sufuria. Ikiwa maji yangali mazito kwa rangi ilhali kitambaa ni hafifu, basi rangi ipo ila kitambaa hakiipokei, na kuongeza kiungo ni hasara. Ikiwa maji nayo yamekuwa mepesi, hapo ndipo lawama ya kiungo inapokuwa ya haki. Maganda makavu ya vitunguu yanapaswa kuwa angalau nusu ya uzito wa kitambaa, na anayetaka rangi iliyokolea alinganishe uzito wa vyote viwili. Maganda ni mepesi, kwa hiyo mfuko uliojaa pomoni huwa na uzito mdogo kuliko mtu anavyodhani. Si lazima kuyanunua: wauzaji wa vitunguu katika soko la Wakulima, ambalo wengi hulijua kwa jina la Marikiti, hubaki na maganda mengi wanapochambua bidhaa zao, na muuzaji akiombwa kwa adabu si rahisi akatae.

Pale ambapo maji ni mazito na kitambaa ni hafifu, swali la kwanza ni kama kitambaa hicho ni pamba kweli. Nguo za mitumba za masoko ya Gikomba au Toi mara nyingi hufika zikiwa zimekatwa lebo, na hata leso mpya zinazouzwa leo si zote za pamba. Chomoa uzi mmoja wa kitambaa, ushike kwa kibano juu ya sinki, uuwashe kwa kiberiti na unuse. Pamba huwaka haraka, hutoa harufu ya karatasi inayoungua na kuacha majivu laini. Sufu na hariri hunuka kama nywele zilizoungua. Poliesta huyeyuka, hujikunja na kuacha kidonge kigumu kisichopondeka kwa vidole, na poliesta haitashika rangi ya kitunguu, chai wala parachichi kwa njia yoyote ya jikoni. Kitambaa cha mchanganyiko, kama kile cha mashati mengi ya shule, hushika rangi kwenye nyuzi za pamba tu, na ndiyo maana hutoka kikiwa na rangi iliyofifia na iliyotawanyika hata kama hatua zote zilifuatwa.

Chomoa pia uzi wa mshono na uujaribu kando. Nguo inaweza kuwa pamba tupu na bado ikatoka na mistari myeupe kwenye pindo na kuzunguka vifungo, kwa kuwa nyuzi nyingi za kushonea siku hizi ni za poliesta. Hiyo si kasoro ya kazi yako na haina tiba, isipokuwa kushona kwa uzi wa pamba au kuipokea mistari kama pambo.

Kitambaa kikithibitika kuwa pamba, swali linalofuata ni usafi wake. Merikani mpya, ambayo ndiyo kitambaa cha bei nafuu kwa anayejifunza, hutoka kiwandani ikiwa bado na nta ya asili ya pamba na wanga uliotiwa ili nyuzi zisikatike wakati wa kufuma. Kitambaa kinaweza kuonekana cheupe na kisafi lakini kikawa kimefunikwa kila mahali. Kipime kwa tone moja la maji: lidondoshe juu ya kitambaa kikavu, na ikiwa litakaa juu yake kwa muda kabla ya kuzama, kitambaa hakijaoshwa vya kutosha. Kirudishe kwenye magadi mpaka tone lizame mara linapogusa. Maji ya kuoshea merikani yakigeuka kuwa ya kahawia, usishtuke. Ndiyo nta na uchafu unaotoka.

Mashati yasiyohitaji pasi ni tatizo la peke yake. Yamepakwa utomvu wa kiwandani unaozuia mikunjo, na huo huzuia rangi vilevile. Magadi hayauondoi, kwa hiyo ni busara kutafuta nguo nyingine.

Rangi ilikuwa nzuri kwenye sufuria lakini imechuja kwenye maji

Maji ya kwanza ya kusuuza kuwa na rangi ni jambo la kawaida, na hata ya pili. Tatizo lipo pale maji ya mara ya nne yanapoendelea kuwa na rangi huku kitambaa kikizidi kufifia. Hapa vyanzo ni viwili, na vinatofautiana kwa uzito.

Chanzo cha kwanza ni chembe ambazo hazikuingia kwenye uzi kamwe. Unga wa manjano na masalia ya kahawa hukaa juu ya kitambaa kama vumbi, na unapokisuuza unaosha vumbi hilo. Sugua kitambaa kilicholowa kwa kipande cheupe: ukiona punje au mchanga wa rangi, chuja maji yako kwa kitambaa chepesi kabla ya kutia nguo, na tatizo limekwisha.

Chanzo cha pili ni kukosekana kwa kitu cha kuunganisha rangi na uzi. Shabu hufanya kazi hiyo, kwa sababu alumini yake hushika uzi kwa upande mmoja na chembe ya rangi kwa upande mwingine. Pamba haipendi sana alumini, na ndiyo sababu tanini hutangulia, ili ipatikane mahali pa kuishika. Anayeruka tanini atapata rangi, ila itakuwa dhaifu. Anayeruka shabu yenyewe atapata doa.

Hapa lazima nizungumzie chumvi na siki, kwa maana ushauri wa kuloweka kitambaa katika chumvi au siki ili rangi ishike umeenea mno, na umeharibu nguo nyingi. Chumvi ya mezani husaidia aina fulani za rangi za kiwandani, zile zinazouzwa kwenye vipakiti, kutoka kwenye maji na kuingia kwenye pamba. Siki husaidia rangi nyingine za kiwandani kushika sufu na hariri. Hakuna kati ya hizo mbili inayofanya kazi ya shabu kwenye pamba iliyotiwa rangi ya kitunguu. Siki hubadilisha asidi ya maji, na kwa hiyo huweza kubadilisha rangi mbele ya macho yako. Mabadiliko hayo ndiyo yanayowafanya watu waamini kwamba kuna kilichoshikamana. Osha mara tatu, utaona.

Viko pia viungo ambavyo havitashika hata ukivifanyia kila kitu. Bitiruti hutoa maji mekundu yanayovutia kuliko yote jikoni, lakini rangi yake huyeyuka kwenye maji kwa wepesi na kuharibiwa na joto na mwanga, kwa hiyo kitambaa hubaki na rangi ya mchanga uliochafuka. Kabichi ya zambarau na rosela hutoa waridi, zambarau na buluu za kupendeza ambazo hugeuka kila zinapokutana na sabuni na kufifia baada ya muda mfupi. Kijani cha mchicha na sukumawiki nacho hakidumu. Vitumie kwa mchezo wa watoto au pambo la siku moja, wala usijilaumu vinapokimbia. Anayetaka rangi za kudumu kutoka jikoni ashike maganda ya vitunguu, maganda ya komamanga, mbegu na maganda ya parachichi, chai na kahawa, pamoja na mbegu za mzingefuri (anato) kwa anayezipata kutoka Pwani, ingawa hizo za mwisho zina taratibu zake na nazo hazipendi jua kali.

Kitambaa kina mabaka

Mabaka husomeka kwa umbo lake. Mabaka yasiyo na mpaka maalumu, mengine mazito na mengine mepesi, hutokana na sufuria ndogo au kitambaa kilichotiwa kikiwa kikavu: sehemu zilizokunjamana hazikupata maji sawa na nyingine. Kitambaa kinapaswa kuelea na kugeuka kwa urahisi kila unapokikoroga, na kukoroga kwenyewe kufanywe mara kwa mara katika dakika 15 za kwanza, wakati ambapo rangi nyingi ndipo huingia. Sehemu inayoelea juu ya maji kwa sababu ya hewa iliyonaswa chini yake hutoka na baka la rangi mbili lenye ukingo wa wazi, na wakati mwingine lina kahawia pembezoni.

Mabaka meupe ya duara, au alama za vidole na kiganja, ni mafuta. Nguo ya mtumba yenye doa la zamani la kwapa au la mafuta ya kupikia itaonyesha doa hilo hata kama lilikuwa halionekani, na nguo iliyosuuzwa kwa muda mrefu kwa kilainishaji cha nguo huwa na tabaka linalofanana na hilo. Dawa ni kuosha upya kwa magadi. Mabaka yaliyokolea kuliko sehemu nyingine, hasa yenye umbo la matone, yanaonyesha kwamba shabu haikuyeyuka vizuri au ilimwagwa juu ya kitambaa badala ya kuyeyushwa kwanza katika maji ya moto kando.

Aina ya mwisho huonekana kwenye kamba tu. Kitambaa kilichotoka kwenye sufuria kikiwa sawasawa hukauka kikiwa na mstari mzito kwenye pindo la chini au pale kilipopita juu ya waya. Maji yanapotelemka hubeba rangi ambayo haijashikamana, na pale yanapokaukia ndipo inapobaki. Miezi ya Juni hadi Agosti, ambapo wingu la Nairobi hukaa siku nzima na nguo hukauka polepole, tatizo hili huwa kubwa zaidi. Suuza mpaka maji yaanze kutakata, kamua kwa taulo, tandaza kitambaa kikiwa kimelala au ugeuze pindo mara kwa mara, na uepuke waya ulioshika kutu, kwa sababu zitakazojulikana hivi punde.

Rangi imeshika vizuri, lakini si rangi uliyoitaka

Hapa ndipo penye maswali mengi kuliko sehemu nyingine yoyote, na majibu yake karibu yote yamo ndani ya maji.

Kaya nyingi za Nairobi hutumia maji ya aina zaidi ya moja ndani ya wiki moja. Maji ya mfereji, yanayotoka hasa kwenye mabwawa ya Ndakaini na Sasumua yanayolishwa na mito ya milima ya Aberdare, ni laini na hayana chumvi nyingi. Siku ambayo mfereji hautoi maji, mtu hununua maji ya boza, yaani ya lori la tangi, au hufungua bomba la kisima cha jengo, na maji ya visima virefu vya jiji hili kwa kawaida huwa na bikaboneti ya sodiamu kwa wingi pamoja na floridi, na hivyo huelekea kwenye alkali. Kitambaa kimoja kikitiwa rangi Jumanne kwa maji ya mfereji na kingine Ijumaa kwa maji ya boza, kwa maganda yale yale na sufuria ile ile, vinaweza kutofautiana hadi mtu aseme ni viungo tofauti. Anayetaka mapazia mawili yafanane ayatie rangi pamoja, au achote maji ya kazi nzima kutoka tangi moja siku moja.

Kuyapima maji hakuhitaji maabara. Kata jani moja la kabichi ya zambarau, limwagie maji moto kidogo, na utie vijiko viwili vya maji hayo ya zambarau katika kikombe cha maji unayotaka kuyapima. Yakigeuka kuelekea buluu au kijani, maji yako ni ya alkali. Yakielekea waridi, yana asidi. Kipimo cha pili ni cha chuma: tia maji unayoyapima ndani ya chai kali isiyo na maziwa. Chai ikigeuka kijivu au nyeusi kama wino, kuna chuma ndani ya maji, na chuma hicho kitafifisha kila rangi inayong'aa. Ikiwa majibu hayakupendezi, kinga maji ya mvua.

Tukirudi kwenye dalili zenyewe: njano ya kitunguu ikitoka ya kijani cha zeituni au kahawia iliyokufa, tafuta chuma. Kinaweza kuwa ndani ya maji, kwenye karai la mabati la mafundi wa jua kali lililobanduka, kwenye sufuria ya enameli iliyopasuka, au hata kwenye waya wa kuanikia na pini zake. Chuma na tanini hutoa weusi, jambo lililotumika kwa karne nyingi kutengeneza wino, na kitambaa kilicholowekwa kwenye chai hakihitaji ila kutu kidogo ili kipate doa lisilotoka. Lakini ikiwa ulitumia maganda ya vitunguu vyekundu ukitarajia nyekundu, hakuna kasoro. Ganda jekundu lina rangi mbili: ile nyekundu, ambayo ni jamaa ya rangi ya kabichi na haidumu, na ya njano, ambayo ndiyo inayoungana na shabu. Kitambaa hutoka cha njano, chungwa iliyofifia au kijani kidogo, na rangi ya maji kwenye sufuria haikuwa ahadi.

Mbegu za parachichi huleta malalamiko kuliko kiungo kingine, kwa maana watu huambiwa watapata waridi na wanapata rangi ya udongo. Chunguza mambo matatu. Je, nyama ya tunda ilisuguliwa yote kwenye mbegu? Mabaki yake yana mafuta na huchafua rangi. Je, maji yalichemka kwa nguvu? Waridi ya parachichi huhitaji moto mdogo usiofikia kuchemka, kwa saa nyingi, na kisha kuachwa usiku kucha. Moto mkali huisukuma kwenye kahawia. Na je, maji yalikuwa na asidi? Chembe ya magadi, kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili, hufanya maji yawe mekundu zaidi mara moja. Hapa maji ya kisima yanayolaumiwa kwingine huwa neema. Mbegu hizi zina tanini zake zenyewe, kwa hiyo pamba iliyooshwa vizuri huweza kuzipokea hata bila shabu.

Manjano nayo yana tabia ambayo kila aliyewahi kumwagikiwa na mchuzi kwenye shati jeupe anaijua: doa la njano likiguswa na sabuni ya kipande hugeuka jekundu. Rangi ya manjano hugeuka nyekundu ya kahawia ndani ya alkali na kurudi njano ndani ya asidi. Kwa hiyo kitambaa cha manjano kilichobadilika baada ya kufuliwa hakijaharibika. Kisuuze kwa maji yenye ndimu au siki kidogo na kitarudi. Tangu hapo kifue kwa sabuni isiyo kali, kama ile ya kuoshea nywele.

Rangi imepauka baada ya muda

Ikiwa upande ulioelekea dirishani umepauka na upande wa ndani ungali na rangi yake, mwanga ndio uliofanya kazi hiyo, si maji. Jiji hili liko kiasi cha digrii moja tu kusini mwa Ikweta na liko juu, kwa hiyo mionzi ya jua ni mikali hata siku ya baridi. Manjano ndiyo dhaifu kuliko yote katika jambo hili. Hushika pamba bila shabu, hayachuji kwa kutisha, lakini yakianikwa juani mara chache njano huondoka, na shabu hailiokoi jambo hilo vya kutosha. Msimamo wangu ni kwamba manjano yasitumike kabisa kwa mapazia, foronya za sebuleni wala nguo ya kila siku. Yafae kwa kitambaa cha ndani ya kabati au kwa kazi ya kujifunza.

Chai, kahawa na komamanga hustahimili vyema zaidi, na kitunguu kilichotiwa shabu kwa mpango husimama mahali pa kati. Kuongeza chuma kidogo mwishoni, kwa maji ya kutu yanayoelezwa hapa chini, huimarisha uwezo wa kustahimili jua, ingawa hutia giza. Kabla ya kutia rangi mita nyingi, chukua kipande, kifunike nusu kwa kadibodi, kiweke dirishani panapopigwa na jua kwa wiki mbili, kisha funua. Mpaka kati ya nusu hizo mbili ukionekana wazi, badilisha kiungo.

Anika kivulini, nguo ikiwa imegeuzwa ndani nje.

Kitambaa kimekuwa kigumu, kinanata au kinachanika

Kunata ni dalili ya shabu iliyozidi. Suuza kwa maji mengi, na wakati ujao upime. Kuchanika baada ya miezi kadhaa ni chuma kilichozidi, kwa maana chuma hula nyuzi taratibu. Maji ya kutu hutengenezwa kwa kuloweka misumari iliyoshika kutu katika siki na maji kwa wiki moja au mbili, na kwa kuwa nguvu yake haipimiki nyumbani, tumia vijiko vichache tu ndani ya sufuria kubwa ya maji, chovya kitambaa kwa dakika chache huku ukitazama, kisha ukitoe na kukisuuza vizuri. Sufu ikijikunja na kuwa nzito imepata mshtuko wa joto au imesuguliwa. Magadi pia huiharibu sufu na hariri, na hizo ziondolewe kabisa kwenye hatua ya magadi. Osha kwa sabuni laini, pandisha joto polepole na uache maji yapoe yenyewe.

Harufu mbaya na ukungu

Maji ya rangi ni chakula. Yakikaa siku nyingi juu ya meza huchacha, huota utando na kubadilisha asidi yake, na rangi nayo hubadilika. Yaweke kwenye friji kwa siku chache yakiwa na kibandiko kinachosema si ya kunywa, au yamwage. Sufuria, mwiko na kichujio vilivyotumika kwa shabu na kutu visirudi kwenye chakula, na anayetumia jiko la makaa alitoe nje, kwa sababu saa tatu za moto mdogo ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari kwa mwenye kukaa humo.

Kitambaa kilichoharibika kinaweza kuokolewa?

Mara nyingi, ndiyo, kwa kukitia giza. Kitambaa cha pamba chenye mabaka, kilichopauka au kilichopata rangi isiyopendeza kioshwe tena kwa magadi mpaka tone la maji lizame, kilowekwe usiku kucha katika chai nzito, kisha kichovywe kwenye maji ya kutu hadi kifikie kijivu unachotaka. Kijivu hicho hufunika njano na waridi zilizokosewa, na mabaka yaliyobaki huonekana kama kivuli cha ndani ya kitambaa. Jaribu kwanza kwenye pembe moja, maana hatua hii hairudi nyuma. Poliesta haiokoki kwa njia hii. Hiyo inunuliwe rangi ya dukani iliyotengenezwa kwa ajili yake, au ibaki nyeupe.